Ramani na Sisimizi Wasio na Pua

Idara ya usafi imetoa kijitabu. Karatasi zake zinang'aa kiasi kwamba ukikaa karibu na dirisha husomi kitu, unajiona uso tu. Jaladani wamechora sisimizi sita wamebeba pipa la taka huku wanacheka. Nimeishi na wadudu wengi kuliko waliochora picha ile, na sijawahi kuona sisimizi akicheka. Ndani wameandika kwamba mji ni safi kwa sababu ya akili iliyoazimwa kwa viumbe wadogo, wakaweka na picha za watu kumi na wanne, ambao kumi na wawili kati yao sikuwahi kuwaona wameshika koleo. Nilikipekua mbele na nyuma. Hakuna hata mstari mmoja juu ya mwanamke tuliyemwita Ramani. Nilishikwa na kinyaa kile kile nilichokuwa nikikipata gari linapofunguka mlango wa nyuma kabla ya wakati. Basi mistari hiyo nitaiandika mimi, na asiyetaka asisome.

Alikuja kwenye bohari ya magari ya taka akiwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa amekufa, mama hajiwezi, na alikuwa na mdogo wake wa kiume ambaye ilibidi amlee kama mwanawe. Wakampa ufagio na mtaa mmoja. Baada ya mwaka wakampa mitaa mitatu, kwa sababu katika kazi zetu anayefanya vizuri huongezewa mzigo na anayefanya vibaya hupandishwa cheo. Alifagia miaka minane. Ukifagia mji miaka minane unaujua kama mama anavyojua mwili wa mtoto wake: wapi maji hutuama, ukuta upi wanaume huukojolea, duka lipi hutoa maboksi kila Jumanne na kusema ni ya jirani.

Siku moja msimamizi aliyekuwa akipanga njia za magari alilazwa hospitali. Siku mbili magari yalitoka kama kuku waliofunguliwa banda. Siku ya tatu yule mfagiaji akageuza kreti la soda pale langoni, akapanda juu yake, akawaambia madereva mmoja mmoja aanzie wapi na amalizie wapi. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyembishia pia, kwa sababu siku hiyo magari yalirudi mapema na mji haukunuka. Barua ya kumpa kazi hiyo rasmi ilifika baada ya miaka miwili, jina lake likiwa limekosewa. Yeye hakulalamika. Jina lake la kweli kwanza nani alikuwa akilitumia? Madereva walikuwa wameshamwita Ramani.

Mimi nilikuwa karani wa mizani. Gari likiingia limejaa nalipima, likitoka tupu nalipima, tofauti naiandika daftarini. Shule niliiacha darasa la sita. Mengine nilijisomea katika vitabu vilivyoletwa na magari yale yale, maana watu hutupa vitabu kabla ya kutupa viatu vilivyotoboka. Kimoja, kisicho na jalada wala kurasa thelathini za mwanzo, kilieleza jinsi watu wa hesabu walivyoanza kuiga viumbe: ubongo na nyuzi zake, mbegu za uzazi na jinsi zinavyochanganyika, makundi ya ndege, nyuki, sisimizi. Nilikisoma mara nne. Kwa hiyo maneno yao yalipokuja hayakunikuta mtupu.

Lakini kwanza niseme jinsi kazi ilivyokuwa, kwa sababu waliozaliwa juzi wanadhani takataka zimekuwa hivi tangu dunia iumbwe. Kila alfajiri Ramani alipanda kreti lake bila karatasi mkononi. "Wewe, machinjioni kwanza, jana wamechinja ng'ombe kumi na wawili. Wewe, sokoni, ila pita nyuma, mbele wameshapanga nyanya zao. Wewe, kwa mafundi seremala usiende leo, wana msiba. Nenda kesho, na ukifika toa pole kabla ya kutoa koleo." Kanuni yake ilikuwa moja: chenye damu kwanza, chenye majani kinafuata, chenye karatasi mwisho. "Damu haina subira," alikuwa akisema. "Karatasi itangoja hata Kiyama." Mchana alishuka kwenye kreti akaenda kutembea mitaani kwa miguu, ananusa, anauliza, anagombana na wenye maduka. Gari likifika mtaani lilipiga honi mbili ndefu, watu wakatoka na ndoo zao, wakamwaga wenyewe, wakajuliana hali. Taka zenyewe zilikuwa na adabu: majivu, maganda, majani, mifupa. Sasa mtu mzima mwenye gari lake anafunga kinyesi cha mwanawe ndani ya mfuko wa plastiki, anaufungia mfuko huo ndani ya mfuko mwingine, kisha anaurusha kupitia dirishani kama anayelisha fisi. Halafu anasema serikali haifanyi kazi.

Akaja mkuu mpya wa idara. Mtu wa manukato. Siku ya kwanza alipita karibu na mizani yangu ameziba pua kwa leso, na tangu siku hiyo hakupita tena, akawa ananipigia simu kutoka hatua arobaini. Pamoja naye akaja mtaalamu, mwanamume wa miaka thelathini na ushei, mpole, viatu vyeupe. Viatu vyeupe katika bohari ya taka. Tukaitwa sote chumba cha mikutano, tukakaa kwenye viti ambavyo baadaye, nilisikia, vilipanguswa kwa dawa.

"Mama," mtaalamu alimwambia Ramani, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa nani ni nani, "umewahi kuwaangalia sisimizi jikoni?"

"Mwanangu, mimi nimelala nao kitanda kimoja."

Watu wakacheka. Mtaalamu pia akacheka, na hapo nikamchukia kidogo kuliko nilivyokusudia. Akaeleza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Sisimizi mmoja hajui lolote, alisema. Anatangatanga. Akipata chakula anarudi nyumbani huku anadondosha harufu njiani. Mwenzake akiikuta harufu anaifuata. Njia fupi inapitwa mara nyingi zaidi kwa muda ule ule, kwa hiyo harufu yake inakolea. Njia ndefu harufu yake inakauka. Hakuna mfalme anayewapangia, hakuna ramani, na bado baada ya saa chache wote wako kwenye njia iliyo bora. Sasa ndani ya kompyuta hakuna mdudu, kuna hesabu tu. Magari yetu sita yatafungwa kifaa kidogo kinachosema kila dakika gari liko wapi, na kila neno la kifaa ni tone la harufu. Kompyuta itafuata palipokolea.

"Na anayepanda kreti?" aliuliza dereva mmoja.

Mkuu akajibu kabla ya mtaalamu. Wiki sita za majaribio. Katika wiki hizo hakuna gari litakalotoka kwa maneno ya mtu, kila dereva atafuata anachoambiwa na kifaa. Mfumo ukishindwa, vifaa vinang'olewa na Bi Ramani anaendelea kama zamani. Mfumo ukifaulu, nafasi ya mpanga njia inafutwa.

Ramani alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Tulipotoka nje aliniambia, "Umewasikia?"

"Nimewasikia."

"Sisimizi wasio na pua. Hebu tuone."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wiki mbili za kwanza mfumo ulifanya kazi. Nilipima mimi, kwa hiyo siwezi kujidanganya. Mzigo ulikuwa ule ule na mafuta yalipungua. Uligundua kipenyo kati ya karakana ya mbao na ukuta wa shule ambacho gari linapita likikunja vioo vya pembeni, na kinaokoa robo saa nzima. Ramani alikwenda kukiangalia kwa miguu. Alirudi akasema, "Miaka thelathini, na sikukijua." Alisema kama mtu aliyeonyeshwa chumba cha siri ndani ya nyumba yake. Mimi nilitaka achukie. Yeye alikuwa akipendezwa, na hilo lilinikera hadi nikaacha kula siku hiyo.

Wiki ya tatu harufu ya kweli ikaanza.

Nyuma ya machinjio kuna uchochoro mwembamba, kuta ndefu pande zote mbili, na gari huingia kinyumenyume kwa sababu haliwezi kugeuka. Humo kuna nyumba kumi na moja. Wachinjaji hutupa humo vyote wasivyoweza kuuza. Kwa miaka yote ya Ramani uchochoro ule ulisafishwa kabla jua halijapanda. Sasa siku ikapita, ya pili ikapita, ya tano ikapita. Nilikwenda kuona. Sitasahau na wala sitaki msomaji asahau. Damu ilikuwa imeganda ikawa ngozi, na chini ya ile ngozi kitu kilikuwa kinatembea. Matumbo yalikuwa yamevimba kama mito ya kulalia. Nzi walikuwa wengi mpaka ukuta ulionekana unapumua. Na katikati ya hayo, kwenye kamba, mtu alikuwa ameanika nepi mbili nyeupe, kwa sababu mtoto hawezi kuvaa hoja za kitaalamu.

Mwenye nepi zile tulimwita Mama Mapacha. Asubuhi moja aliingia bohari na gunia mgongoni, akalitupa katikati ya mizani yangu.

"Pima, karani."

"Mama, mizani hii ni ya magari."

"Nimesema pima. Halafu mwambie bosi wako kama hizi ni taka au ni maua."

Mshale haukusogea. Mizani ya tani kumi haijui gunia moja. Mama Mapacha akautazama ule mshale uliolala, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe hata wewe huoni," akasema.

Akamgeukia Ramani, aliyekuwa amesogea. "Dada, wewe ulikuwa unatujali. Tumekukosea nini? Mapacha wangu wanaharisha tangu Ijumaa. Mmoja jana hakulia kabisa. Nilimfinya ili alie."

Ramani akapanda moja kwa moja ofisini kwa mkuu, nami nikamfuata hadi mlangoni. Mkuu alikuwa ameketi, manukato yake yanapigana na kile kilichotufuata kwenye nguo. Akageuza kioo cha kompyuta. Mji wote ulikuwa umechorwa kwa mistari myekundu, minene mahali penye kazi nyingi, myembamba mahali penye kazi kidogo. Uchochoro wa machinjio ulikuwa mweupe kama maziwa.

"Unaona? Hakuna mzigo kule."

"Bwana mkuu, nimetoka kule. Mzigo unatembea wenyewe."

"Mfumo unajifunza. Tuupe muda."

"Niruhusu gari moja. Safari moja tu."

"Gari moja likitoka kwa maneno yako, majaribio yameharibika. Tutakuwa tumedanganya." Akainua leso. "Na wewe mwenyewe, samahani, una sababu zako za kutaka yaharibike. Watu watasema."

Hapo ndipo nilipotaka kumtapikia mezani. Mtu ambaye hajawahi kuinua ndoo anamfundisha Ramani uaminifu.

Siku ya pili yake Ramani aliniambia tukanywe chai. Si kawaida yake. Tulikwenda kwenye kibanda cha chai kilicho njia panda, nje ya kituo cha mafuta, tukakaa benchi la nyuma. Hakunywa. Alikuwa akitazama barabara. Likapita gari letu la kwanza. Baada ya muda likapita la tatu, kisha la sita, kisha la pili. Hakuna pipa hata moja pale njia panda. Hakuna taka ila vijiti vya meno.

"Wanatafuta nini hapa?" nikauliza.

"Ndicho ninachojiuliza tangu juzi."

Ndipo likaja gari namba nne, likaegesha kabisa, na akashuka mdogo wake. Yule yule aliyemlea. Alikuwa sasa mwanamume wa miaka arobaini na mitano mwenye tumbo, dereva wetu, na tulimwita Kijiko kwa sababu alitembea na kijiko chake mwenyewe katika mfuko wa shati. Hakuamini vijiko vya watu. Dereva wa taka asiyeamini vijiko vya watu.

"Dada, karibu kwangu. Chai yako juu yangu. Na ya mzee wa mizani pia, ingawa ana uso wa mtu aliyekwisha kunywa siki."

"Hapa unakaa kila siku?" Ramani akamuuliza.

"Mpaka sukari iyeyuke."

"Nakuuliza kwa heshima, nijibu kwa heshima."

"Nusu saa. Kukiwa na baridi, zaidi kidogo. Asubuhi na mchana. Kwani umehamia polisi?"

"Injini unazima?"

"Nizime halafu anisukume nani, wewe? Betri ile ilikufa kabla ya baba."

Ramani akanyanyuka, akaenda hadi kwenye gari, akachungulia dirishani. Kifaa kilikuwa kimebandikwa juu ya usukani. Kitaa chake cha kijani kikawaka, kikazima. Akasimama pale akihesabu kwa midomo. Kikawaka tena. Alirudi benchini polepole.

"Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno," akasema. Kisha akanieleza, na nilielewa kabla hajamaliza, nikaona aibu kwamba mimi niliyesoma kitabu mara nne sikuona. Kila dakika, injini ikiwa inawaka, kifaa kinadondosha tone. Gari linalofanya kazi linadondosha tone moja hapa, moja pale, linapita. Gari linalokunywa chai linadondosha matone thelathini mahali pamoja, na mchana thelathini mengine. Kwa kompyuta, kibanda cha chai ndicho shimo lenye sukari nyingi kuliko mji mzima, na ndiyo maana magari yote yanaletwa kulinusa. Na kule uchochoroni, kati ya kuta ndefu, hata simu haishiki mtandao. Gari liliingia wiki ya kwanza na ya pili, kifaa hakikusikika, hakuna tone lililodondoka. Kompyuta ikaamini kwamba hapajawahi kupita kiumbe. Njia ikakauka.

Kijiko alikuwa ameacha kukoroga.

"Dada. Hiyo hutaisema."

Ramani akasukuma kikombe chake kando.

"Watu wote wanakunywa chai."

"Wote wanazima injini."

"Ulinilea ili unikaange mwenyewe?"

Na mimi, niseme ukweli kwa sababu nimeanza kusema ukweli wa wengine, nilikuwa upande wa Kijiko. Nilimwambia Ramani tukiwa njiani kurudi: nyamaza. Zimebaki wiki tatu. Waache wazunguke kibanda cha chai mpaka mkuu mwenyewe anuke. Mfumo utaanguka, vifaa vitang'olewa, na kreti lako litabaki langoni mpaka ustaafu. Huna haja ya kusema uongo. Funga mdomo tu.

"Na yule mtoto asiyelia," akasema, "naye afunge mdomo wiki tatu?"

"Si wewe uliyemfanya hivyo."

"Najua. Ndiyo maana inaniuma kidogo tu. Lakini inauma."

Alimkuta mtaalamu ukumbini, anakula mkate amesimama. Mimi nilikuwapo. Hakupamba maneno. Alimwambia habari ya tone na dakika, ya kuta ndefu, ya injini isiyozimwa, na alipoulizwa gari gani alisema namba nne, mkono wake umeshika ukingo wa dirisha. Mtaalamu aliweka mkate chini. Akafungua kompyuta yake hapo hapo, akatafuta.

"Matone elfu moja na mia tatu," akasema. "Kwenye kibanda cha chai."

"Sisimizi wangu wa jikoni hawafanyi hivyo," Ramani akamwambia. "Sisimizi akikaa tu hana haja ya kuita watu. Anaita akiwa anarudi na kitu mdomoni. Wewe mwenyewe ulisema siku ile. Wako unawaambia wadondoshe hata wakiwa wamelala."

"Nilijua. Tulikuwa na haraka, mama. Hatukuwa na njia ya kujua gari limebeba nini na limekibeba wapi."

Ramani akanionyesha mimi kwa kidevu. "Muulize huyu. Kila gari likirudi anajua limebeba kilo ngapi, na dereva humtajia limetoka mitaa ipi. Ana madaftari mpaka yanatoa mchwa. Tone lidondoke hapo mizanini, kwa uzito, na lihesabiwe kwa ile njia iliyoleta. Njia isiyoleta kitu isipate kitu."

Mtaalamu akaandika.

"Halafu jambo jingine. Wako hawapotei. Wangu, katika kumi, mmoja anakwenda zake kama mlevi, hafuati harufu ya mtu. Nilikuwa nikidhani ni mjinga. Huyo ndiye anayekuta chupa ya asali kabatini. Kila siku gari moja lipeleke mahali ambapo kompyuta inasema hapana kitu. Likakute."

Nilitoa madaftari yangu kumi na moja. Nayasema haya bila kujisifu, maana nilitoa kwa kinyongo, na la kumi na moja nilimtupia. Siku tano mtaalamu hakuvua fulana yake, na viatu vyeupe vikawa rangi ya viatu vya watu. Siku ya sita gari la kutangatanga lilipelekwa uchochoroni likatoka na tani mbili na nusu. Niliipima mwenyewe, nimeziba pua kwa kiwiko. Mara hiyo uchochoro ukawa mwekundu kwenye kioo, mwekundu kuliko soko, na magari yakaanza kwenda mara mbili kwa siku, la kwanza kabla jua halijapanda. Ile kanuni ya damu kwanza, hesabu ziliifikia zenyewe kwa kupima uzito wa kila asubuhi. Mapacha walipona wote wawili. Mafuta yakapungua zaidi. Basi, ndiyo, vitu hivi vinafaa. Wanaosema kuiga wadudu ni upuuzi hawajapima tani. Vinafaa kama wembe unavyofaa, na mimi sijawahi kuuchukia wembe. Ninayemchukia ni anayeushika.

Kijiko aliondolewa kwenye usukani, akapewa kazi ya kuosha mapipa kwa bomba. Wiki zilizobaki aliifanya kazi hiyo mita thelathini kutoka kwa dada yake aliyemlisha kwa mkono, na katika wiki hizo alimtamkia neno moja, nalo lilikuwa "pisha".

Akufukuzaye hakwambii toka. Kwanza walimhamisha Ramani kutoka langoni wakampa kiti ukumbini, karibu na mlango wa choo, wakisema apumzike kwa heshima. Alikaa pale siku tisa mikono mapajani. Kisha wiki sita zikaisha, mkuu akatuita, akasema mfumo umefaulu kupita matarajio, akawashukuru watu kwa majina. Barua ilimfikia Ramani siku ile ile. Safari hii jina lake lilikuwa sahihi.

Mtaalamu alinifuata kwenye mizani. "Niliwaambia abaki, mzee. Niliandika kwenye taarifa yangu kwamba bila yeye tungeshindwa. Mkuu akaniuliza, abaki afanye nini? Nikatafuta jibu. Sikulipata."

"Ulitafuta muda gani?"

Alininyooshea mkono na sikuupokea. Najua hakuwa mtu mbaya. Nimekutana na watu wengi wasio wabaya, na kila mara kuna mtu mwingine anayelala njaa.

Ramani aliishi miaka saba baada ya hapo. Alilima mboga nyuma ya nyumba, akawa hatoki sana. Mimi nilipostaafu nilikuwa nikipita kwake mara moja kwa wiki, na akiwa na nguvu tulitembea kidogo. Katika matembezi hayo tulipita siku moja karibu na machinjio, saa mbili asubuhi. Uchochoro ulikuwa umefagiliwa, hata maji yamemwagwa. Mama Mapacha alikuwa mlangoni anachambua mchele, binti zake wawili warefu wamekwenda shule. Akatukaribisha, akatutolea viti.

"Mmeona palivyo siku hizi?" akasema. "Hatunuki tena. Wale sisimizi wa kompyuta, Mungu awabariki. Nyinyi wa zamani mlikuwa wazuri, siwasemi, lakini siku nyingine mlikuwa mnachelewa. Na ule mwaka mliotuachia mizoga wiki nzima, mpaka watu wa kompyuta wakaja kutuokoa, mimi sitausahau."

Nilifungua mdomo. Ramani aliweka mkono wake juu ya goti langu, mkono mkavu wenye uzito wa jani, akaukandamiza.

"Ni kweli, mwanangu," akamwambia. "Siku nyingine tulichelewa."

Kisha akaulizia watoto, wanasoma darasa la ngapi, na kama yule pacha ambaye siku ile hakulia bado ana kimya kile.